Moto Tuliotaka Kuutazama



Katika miji yetu ya Butembo na Beni, mlio mkubwa wa usiku haumtoi mtu nje kwenda kutazama. Humfanya azime taa, awalaze watoto sakafuni, kisha aanze kuhesabu: umetokea upande gani, uko mbali kiasi gani, utafuatwa na mwingine? Watoto wetu waliozaliwa tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuziandama familia za Beni na vijiji vyake, wamejifunza hesabu hiyo kabla ya hesabu ya darasani. Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki mjini Beni na kuwajeruhi akina mama wawili. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo, mlipuko mwingine uliwaua watu waliokuwa wameketi mkahawani mjini humo wakisherehekea. Basi, mwaka unapomalizika na kijana fulani akawasha fataki uani kwao, jirani hatoki kumpongeza. Hufunga mlango.

Tumetanguliza hayo kwa sababu tunataka kuwasimulia habari ya safari ya furaha: safari ya kwenda kutazama moto usiku. Asiyejua milio yetu hawezi kuelewa kwa nini kikundi cha vijana tunachokilea kilihitaji miezi mingi ili kuipanga, wala kwa nini daftari la mipango hiyo linatunzwa hata leo pamoja na vitabu vya nyimbo.

Habari ilianza mwaka 2019, baada ya mazoezi ya kwaya, kwa simu ya mkononi. Kijana mmoja alituonyesha picha za video za maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Kanada na Marekani. Huko, wakati wa kiangazi chao, fataki hurushwa usiku juu ya maporomoko, na taa kubwa huyapaka maji rangi nyekundu, buluu na kijani. Watu hutoka mbali kwenda kuona. Huweka nafasi ya kulala miezi kabla, huuliza watasimama wapi ili wasilowe kwa manyunyu, na hujua saa ya kuanza na saa ya kumalizika. Sisi walezi tuliongeza kwamba mmoja wa Wazungu wa kwanza kuyaandika maporomoko hayo alikuwa padri Mfransisko, Louis Hennepin, aliyefika hapo Desemba 1678, na kwamba alitaja kimo kikubwa mno kuliko kilivyo. Mtu aliyestaajabu si shahidi mwema wa vipimo. Tuliwaomba vijana wakumbuke hilo siku watakapotusimulia safari zao.

Binti mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, “Hao watu hawaogopi mlio?”

Hakuna aliyecheka. Kijana mwenye simu alifikiri kidogo, akajibu, “Hawaogopi kwa sababu wameambiwa saa utakapolia.”

Tumekuwa walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na tumesikia majibu mengi. Hilo ni miongoni mwa machache tuliyokwenda nayo nyumbani. Kelele ni ileile. Baruti ni ndugu ya baruti. Lakini mmoja amepewa saa, mahali na njia ya kurudi, na mwingine hakupewa kitu.

Juma lililofuata vijana walirudi na pendekezo lao. Kwa nini tuitamani Niagara, nasi tuna moto wetu katika mkoa huuhuu? Walikuwa na Nyiragongo vichwani.

Wengi wenu mnaujua mlima huo kwa jina tu. Una kimo cha mita 3,470, umesimama juu ya mji wa Goma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Kileleni pana shimo pana lenye kuta za mwamba, na chini ya shimo hilo, kwa miaka mingi, palikuwa na ziwa la lava lililokuwa likichemka mchana na usiku. Mchana aliyekuwa Goma aliona moshi tu. Usiku wingu la juu ya mlima lilikuwa jekundu, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayechochea meko. Hapakuwa na baruti wala mlipuko. Waliofika ukingoni husimulia sauti iliyofanana na mawimbi, na ngozi nyeusi ya lava iliyokuwa ikipasuka na kufunua mishipa ya dhahabu, kisha kujifunga tena. Ndiyo fataki za Mwenyezi Mungu, walisema vijana, nasi hatukuwasahihisha.

Tena wakati ulionekana kufaa. Hifadhi ilikuwa imefunga milango kwa wageni mwezi Mei 2018, baada ya mlinzi wake kuuawa na watalii kutekwa njiani. Ikafungua tena Februari 2019. Wapandaji walianzia kituo cha Kibati wakisindikizwa na walinzi wenye silaha, wakapanda kwa muda wa saa tano hivi, wakalala katika vibanda vidogo ukingoni mwa shimo, wakashuka kesho yake asubuhi. Vijana waliyajua hayo yote kuliko sisi.

Tuliwapa daftari la mraba, lile la hesabu, tukawaambia waandike.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa barabara. Kutoka Butembo hadi Goma ni kilomita zinazokaribia 300, nazo ziliandikwa zote kwa majina: Musienene, Lubero, Kirumba, Kayna, Kanyabayonga, kisha mteremko wa kuingia bonde la Rwindi, ambako wakati huo magari hayakwenda peke yake, yalisubiriana na kusindikizwa na askari, halafu Kiwanja, Rutshuru, Rumangabo, Kibumba, Kibati. Mbele ya kila jina waliweka alama tatu: je, kuna parokia ya kutupokea? Kuna maji? Gari likiharibika hapa saa kumi jioni, tutalala wapi? Wengine walipendekeza ndege kutoka uwanja wa Rughenda, lakini ukurasa wa nauli uliinyamazisha ndege mapema. Wengine wakataja kuzungukia Kasindi, kupita Uganda na kuingia Goma kwa mlango wa Rwanda, kama wafanyavyo wafanyabiashara wetu wakati njia ya kusini ni mbaya. Hapo karatasi za kusafiria zilikuwa ghali kuliko safari yenyewe.

Ukurasa wa pili ulikuwa baridi. Kileleni maji huweza kuganda usiku, na kijana wa Butembo, hata kama mji wetu nao ni wa milimani, hana koti la kulala juu ya volkano. Wasichana walikwenda sokoni kuulizia bei za makoti yaliyokwisha kuvaliwa na wengine, wakarudi na orodha iliyopangwa vizuri kuliko mitihani yao.

Kisha ukaja ukurasa wa ugonjwa, kwa maana miezi ile ilikuwa miezi ya Ebola. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukiwa umeanzia Mangina, na kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kupima joto la paji la uso. Iliandikwa: mwenye homa habaki nyuma kwa aibu, hubaki kwa upendo. Ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa watu 3,470 walioambukizwa na 2,287 waliokufa. Mmoja wa vijana aliona namba ya kwanza, akafungua daftari na kutuonyesha kimo cha mlima. Zilikuwa sawasawa. Hatukumpa maelezo yoyote, kwa kuwa namba haina habari nasi. Lakini tangu siku hiyo kila tunapotaja kimo cha Nyiragongo tunawakumbuka.

Fedha zilitafutwa kwa mikono. Walifyatua matofali, wakauza viazi na vitunguu, wakapakua mizigo siku za soko. Mwekahazina, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa mkali. Alikataa kumpa hata mlezi franka za vocha ya simu bila karatasi ya kutia sahihi.

Hapakukosekana upinzani, nao ulikuwa wa haki. Katika mkutano wa wazazi, mama mmoja wa makamo alisimama, akatusalimu kwa heshima yote, akasema, “Mwalimu, mimi mwanangu nilimtoa Oicha nikimbeba mgongoni. Leo mnamwomba apite porini kwenda kutazama moto. Moto hakuuona wa kutosha?” Baba mwingine aliongeza kwamba kuna wakimbizi wanaolala katika madarasa, na kwamba fedha za matofali zingekuwa unga wao.

Sisi walezi tulikuwa na majibu tayari, kama walimu wawavyo siku zote. Hatukuyatumia. Mtoto mwenyewe wa yule mama aliomba ruhusa ya kusema, akasimama huku ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema: “Mama, nimesafiri mara tatu maishani mwangu. Mara zote sikuchagua siku, sikuchagua njia, sikuchagua mzigo. Ninaomba mara moja tu nisafiri nikiwa nimechagua.”

Mama yake aliketi. Hakukubali palepale, alikubali baada ya majuma mawili, kwa sharti kwamba jina la paroko wa kila kituo liandikwe pamoja na namba yake ya simu, na nakala ibaki kwake. Sharti hilo likaufanya mpango uwe bora. Kuhusu unga wa wakimbizi, mwekahazina alipendekeza fungu moja katika kila mafungu manne liende kwao kila mwezi, kabla ya kuhesabu ya safari. Yule baba alikuja mwenyewe kulipokea fungu la kwanza na kulipeleka.

Tunataka tusimame kidogo hapa, vijana, kwa sababu neno la yule kijana limetufundisha jambo. Mkoa wetu umejaa watu waliotembea sana. Wamevuka mito usiku, wamepita njia za panya, wanajua kufunga kitenge kikabeba nyumba nzima. Ukimwuliza mmoja wao kama amesafiri, atasema hapana. Safari huanza pale mtu anapokaa na wenzake kuuliza: tutaondoka lini, nani atatupokea, tutarudi saa ngapi? Yeyote aliyewahi kukimbia anajua kwamba maswali hayo ni utajiri. Tuliwaona vijana wetu wakiyauliza kwa furaha iliyotushangaza, wakigombana kwa nusu saa juu ya idadi ya sufuria, na tukajua kwamba sehemu ya safari ilikuwa imekwisha kufanyika pale pale, juu ya mabenchi ya kanisa, kabla ya mtu yeyote kupanda gari.

Tarehe ilichaguliwa: likizo kubwa ya mwaka 2020.

Mwezi Machi 2020 hifadhi ilifunga tena milango kwa wageni kwa ajili ya korona. Vijana waliandika “tunangoja” pembeni mwa ukurasa. Tarehe 24 Aprili, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio pamoja na dereva na raia wanne. Walinzi kama hao ndio ambao wangetembea mbele yetu na nyuma yetu kuelekea kileleni. Tuliwaombea katika misa. Mkutano uliofuata haukuwa na ajenda yoyote. Vijana walikaa, wakaimba, wakaondoka. Kuna aliyeuliza kama kuahirisha ni kukosa imani. Tulimjibu kwamba Yosefu aliposikia habari za Arkelao, mwana wa Herode, alibadili njia, na hakuna aliyemwita mwoga.

Kisha likaja lile la Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Mwanzo wa jioni ubavu wa Nyiragongo ulipasuka na ziwa tulilotaka kwenda kulitazama likatoka. Mto wa moto ulishuka kuelekea Goma, ukateketeza nyumba na vijiji vya pembeni, ukakata barabara tuliyoiandika jina kwa jina, na ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walipoteza maisha. Usiku ule maelfu walikimbia kwa miguu, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Siku chache baadaye, kwa hofu ya mlipuko mwingine, wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama.

Jioni hiyo ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Mnaweza kukisia maneno yaliyosemwa Jumapili nje ya makanisa. Wapo waliosema ni ishara, wapo waliosema ni adhabu. Sisi tulikataa kuwafundisha vijana hivyo, na tunakataa hata leo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka kwa kasi kuliko lava za milima mingi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Mwaka huo wa 2002 iliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mlima unaounguza kanisa kuu hauchagui wadhambi. Unafuata mwinamo wa ardhi, na chini ya mwinamo ndipo maskini wajengapo, kwa kuwa ndipo kiwanja ni cha bei nafuu.

Mwekahazina wetu, wakati huo akiwa na miaka kumi na tisa, alifungua daftari na kusema neno moja: “Hatukuwaandika.” Tulimwuliza nani. “Wanaokaa chini yake. Tuliandika parokia, maji, makoti. Wao hatukuwa na ukurasa wao.” Aliuongeza usiku ule. Katika sanduku palikuwa na fedha za safari ya watu ishirini na watano. Nusu yake ilikwenda Goma kwa njia ya parokia, ikawa maharagwe, sabuni na sahani. Hakuna kura iliyopigwa. Nusu nyingine ilibaki, kwa ombi la yule mama wa Oicha, ambaye alisema kwamba sanduku lisilo na kitu ni vigumu kulifungua tena.

Tukiulizwa leo kama ni halali kwa vijana wa nchi iliyo katika vita kupanga tafrija, tunajibu kwa kulionyesha daftari hilo. Ndani yake utaona kwamba waliotaka kutazama moto ndio waliokuwa na fedha tayari siku moto ulipowafikia watu. Utaona pia mahali ambapo mtu amechora volkano ndogo kwa kalamu nyekundu wakati mkutano ulipokuwa mrefu, na hilo tunalipenda vilevile.

Barabara yenyewe sasa imefungwa kwa namna nyingine. Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Kati yetu na mlima kuna mstari wa vita, na hatuoni dalili ya lini kijana wa Butembo atapanda gari asubuhi akiwa na koti lake na kitabu cha nyimbo kwenda Kibati.

Hata hivyo kikundi kina wanachama wapya, nao walipolikuta daftari katika kabati walilisoma lote siku moja. Hawakung'oa ukurasa. Waligeuza upande wa nyuma na kuanza safari fupi zaidi: kwenda Beni, kilomita 54, kutazama theluji ya Ruwenzori alfajiri. Ruwenzori si volkano, nayo haina moto. Lakini asubuhi isiyo na mawingu, jua linapochomoza nyuma yake, huonekana kutoka Beni kama ukuta wa buluu wenye ncha nyeupe, na yule aliyeuliza zamani kama watu wa Niagara hawaogopi mlio, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi mjini humo, anasema wanafunzi wake wengi hawajawahi kunyanyua macho kuitazama. Asubuhi za Beni watu hutazama barabara kwanza.

Hata kwa kilomita 54 daftari limejaa. Hatuondoki kabla ya mwanga, wala hatufiki baada ya saa tisa alasiri. Kwa hiyo ni lazima tulale Beni usiku mmoja, kwani mawingu hufunika vilele mapema na hayamsubiri anayetoka Butembo. Familia za parokia moja ya huko zimekubali kutupokea, wawili wawili. Kila familia imeomba jambo moja: ikisikika sauti yoyote usiku, mgeni afuate neno la mwenye nyumba bila kuuliza. Limeandikwa kwa herufi kubwa.

Ukurasa wa mwisho hadi sasa una majina thelathini na moja. Mbele ya majina tisa bado hapajaandikwa “blanketi”.